Karatasi ya kugeuza wagonjwa hujazwa alfajiri kwa kalamu moja. Nifanyeje?

Shikamoo Mama Mshauri,

Mimi ni muuguzi katika wodi ya mifupa ya wanaume, kwenye hospitali ya rufaa ya mkoa mmojawapo wa Kanda ya Ziwa. Wagonjwa wetu wengi ni vijana walioanguka na bodaboda, wazee waliovunjika nyonga, na wachache walioumia uti wa mgongo ambao hawahisi chochote kuanzia kiunoni kwenda chini. Usiku tunakuwa wauguzi wawili na mhudumu mmoja kwa wagonjwa ambao mara nyingi huzidi 40. Mwenzangu akienda kumchukua mgonjwa chumba cha upasuaji, mimi ninayebaki ndiye ninayegawa dawa, ninayebadilisha dripu na kupokea wagonjwa wapya.

Ninakuandikia kuhusu vidonda vya kulalia, vile vinavyompata mgonjwa anayelala upande mmoja muda mrefu bila kugeuzwa. Hivi karibuni tulimpokea usiku kijana aliyevunjika uti wa mgongo na kupata jeraha kubwa la mguu. Siku ya tatu, wakati wa kumwogesha, tuliona doa jeusi linaloelekea zambarau juu kidogo ya kifandugu. Kabla ya wiki kwisha doa hilo lilikuwa limefunguka na kuwa kidonda kinachoingiza ncha ya kidole. Daktari bingwa, katika mzunguko wa asubuhi, alisema mbele ya mgonjwa, ndugu zake na wanafunzi kwamba Florence Nightingale alikwisha kulimaliza suala hili zamani: kidonda cha kulalia ni kosa la uuguzi, si la ugonjwa. Baba wa kijana alinifuata pembeni akaniambia, "Sista, mwanangu aliletwa hapa mgongo wake ukiwa mzima." Sikuwa na jibu.

Muuguzi mfawidhi aliitisha karatasi ya kumgeuza mgonjwa huyo, na karatasi ilikuwa imejaa. Kila baada ya saa 2 iliandikwa kushoto, mgongo, kulia, kushoto, kwa mwandiko mmoja na wino mmoja, hata saa 6 ya usiku ule wa kwanza, wakati kitabu cha chumba cha upasuaji kinaonyesha kwamba alikuwa mezani akisafishwa jeraha la mguu. Sikuwa zamu usiku ule, lakini ninajua karatasi hizi zinavyojazwa. Kunapokaribia kupambazuka mtu mmoja huketi na kujaza safu za wagonjwa wote wasioweza kujigeuza, kwa sababu wakaguzi wa ubora huhesabu karatasi zilizojaa. Mimi nilipoacha visanduku vitupu niliambiwa ninaiharibia wodi alama.

Mambo mengine nitayataja kwa ufupi. Magodoro yetu yana vifuniko vilivyopasuka na sponji iliyobonyea katikati. Kila zamu ina dawa yake ya kidonda: mmoja anamimina spiriti, mwingine asali ya sokoni, mwingine haidrojeni peroksaidi. Kuna anayejaza maji kwenye glavu na kuziweka chini ya visigino. Ndugu, ambao wangeweza kutusaidia, hufukuzwa saa za kuona wagonjwa zikiisha.

Naomba unishauri, Mama. Niendelee kuacha visanduku vitupu wakati wenzangu wote wanajaza? Kama siwezi kuwageuza wote, nimgeuze nani? Yule baba nimwambie nini? Nimeanza pia kufikiria kuomba uhamisho kwenda kliniki ya wagonjwa wa nje, ambako hakuna anayelala kitandani.

Muuguzi wa usiku, Kanda ya Ziwa

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Nianze na ile karatasi, kwa kuwa ndiyo iliyoshikilia mengine yote. Wenzako wanadhani wanailinda wodi kwa kuijaza, kumbe wanaiumiza. Mganga mfawidhi anapoketi kugawa watumishi, mbele yake ipo wodi yenye wagonjwa 40 na wauguzi wawili wa usiku ambako kila mgonjwa amegeuzwa kwa wakati, siku zote, bila kukosa. Kwa nini akupeni mtu wa tatu? Kwa mujibu wa maandishi yenu wenyewe, wawili wanatosha.

Hebu tupige hesabu ambayo karatasi hiyo inaificha. Tuseme kati ya hao 40 ni 12 tu wasioweza kujigeuza. Kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 alfajiri, kila baada ya saa 2, ni mizunguko 6, yaani mara 72 za kumgeuza mtu. Kumgeuza mtu mzima vizuri, ukakagua ngozi, ukanyoosha shuka na kuweka mito, ukikadiria kwa dakika 5 tu na watu wawili, unapata dakika 360. Hizo ni saa 6 za wauguzi wote wawili, na bado hujagawa kidonge hata kimoja. Ukimwonyesha Muuguzi Mkuu hesabu hii sambamba na karatasi zenye visanduku vilivyoelezwa kwa ukweli, atakuwa na kitu cha kupeleka kwenye kikao. Ukimpelekea malalamiko huku karatasi zimejaa, hana.

Kwa hiyo endelea kutojaza usichokifanya, ila usiache kisanduku kitupu bila maelezo, kwa sababu kisanduku kitupu kinasomeka kama uzembe. Andika, kwa mfano: "Saa 8 usiku, hakugeuzwa, muuguzi mmoja wodini, mwenzake chumba cha upasuaji. Saa 9:15 amegeuzwa kulia, ngozi juu ya kifandugu ina joto na imekakamaa kuliko pembeni." Maneno hayo yanakulinda, na yanamfaa zaidi mgonjwa kuliko neno "kushoto" lililoandikwa mara mia, kwani atakayepokea zamu anajua aanzie wapi. Kumbukumbu ya uuguzi inaweza kuitishwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga au na mahakama. Karatasi inayosema mgonjwa aligeuzwa kitandani saa ile ile aliyokuwa mezani kwa daktari haimwokoi mtu yeyote. Inatia shaka hata kwenye yale mliyoyafanya kweli.

Sikushauri uanze kuwataja wenzako kwa majina. Mwombe muuguzi mfawidhi nafasi ya kuzungumza naye faragha, mweleze hatari iliyopo kwenye karatasi hizo, kisha pendekeza jambo moja tu, kwamba katika ukaguzi kisanduku chenye sababu kihesabiwe kuwa kimejazwa. Hilo linawaondolea wenzako sababu ya kudanganya, na wengi wao, ninavyowajua wauguzi, wataacha kwa furaha.

Sasa kuhusu bingwa wenu na Nightingale. Ni kweli mama huyo aliandika mwaka 1859 kwamba kidonda cha kulalia kwa kawaida hutokana na kasoro ya uuguzi. Bingwa wenu amelibeba neno hilo na kuacha lililoambatana nalo. Katika maandishi hayo hayo Nightingale alieleza kwamba "uuguzi" kwake ulijumuisha hewa, mwanga, usafi, chakula na utulivu, na kwamba majengo mabaya na utawala mbaya mara nyingi humfanya muuguzi ashindwe kabisa kuuguza. Ukipenda, mweleze kwa adabu, tena si mbele ya wanafunzi. Asipopenda kukusikia, basi. Wodi yako haitaponywa kwa kushindana naye.

Jambo la maana zaidi katika kisa chako ni ile siku ya tatu. Doa la zambarau au jeusi kwenye ngozi ambayo bado haijachanika mara nyingi ni dalili ya nyama ya ndani iliyokwisha kufa, nalo huonekana kati ya saa 48 na 72 baada ya mgandamizo wenyewe. Rudisha siku nyuma uone kijana huyo alikuwa wapi. Alikuwa barabarani, akawa juu ya bodi ya pikapu au machela, akangoja mapokezi, akalala juu ya meza ngumu ya upasuaji, na wakati wote huo alikuwa hahisi chochote cha kumfanya ajisogeze. Sisemi kwamba wodi haikuhusika. Ninasema kwamba hakuna anayeweza kujua, kwa kuwa hakuna aliyemtazama mgongo alipoingia. Tangu sasa mpokee mgonjwa pamoja na ngozi yake. Katika zamu ile ile anayofika, mgeuze, tazama kisogo, mabega, mgongo wa chini, nyonga na visigino, halafu andika ulichokiona pamoja na saa. Fanya hivyo tena anaporudi kutoka chumba cha upasuaji.

Mnapokagua kumbukeni pia kwamba vitabu vingi vya kufundishia vinamwelekeza muuguzi atafute wekundu usiopotea ukibonyezwa kwa kidole. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo unaweza usionekane kabisa, na anayeungoja atakiona kidonda kikiwa kimeshafunguka. Tumia mkono wako, mwanangu. Gusa juu ya mfupa, kisha gusa pembeni, ulinganishe: pana joto au ubaridi kuliko pembeni? Pamekakamaa, au panabonyea kama penye maji? Rangi imezidi weusi au imepata mng'ao? Mgonjwa mwenye hisia anasema panauma? Tofauti yoyote kati ya hizo inatosha kukufanya umwondoe upande huo.

Umeuliza umgeuze nani. Swali hilo ni la mtu mzima, na jibu lake ni kwamba inabidi uchague, tena kwa kipimo, si kwa kelele za ndugu. Kipimo cha Braden, kilichochapishwa Marekani mwaka 1987, kinatazama mambo 6: uwezo wa kuhisi, unyevu wa ngozi, kutoka kitandani, uwezo wa kujisogeza, lishe, na msuguano. Jumla yake huwa kati ya 6 na 23, na kadiri alama zinavyopungua ndivyo hatari inavyoongezeka. Kwa kawaida 18 kushuka chini humhesabia mgonjwa kuwa hatarini. Kwa mtu aliyezoea ni kazi ya dakika chache. Mpimeni kila mgonjwa anapofika na kila hali yake inapobadilika, kisha majina ya walio chini kabisa yaandikwe kwenye ubao wa wodi, pale mnapokabidhiana zamu. Usiku ukiwa mgumu, hao ndio hawakosi kugeuzwa. Kijana anayeweza kujivuta kwa kushika mpini ulio juu ya kitanda anahitaji kukumbushwa tu.

Usiifanye pia kazi ya kugeuza kuwa kitu cha kukumbuka katikati ya kazi nyingine. Ludwig Guttmann, daktari aliyeikimbia Ujerumani ya Wanazi, alipoanzisha kituo cha majeruhi wa uti wa mgongo Stoke Mandeville, Uingereza, mwaka 1944, wagonjwa wa aina hiyo walitarajiwa kufa kwa vidonda na maambukizi ya mkojo. Yeye aliweka utaratibu wa kuwageuza kila baada ya saa 2, usiku na mchana, kwa kikosi kinachozunguka kitanda kwa kitanda. Ninyi hamna kikosi, lakini mnaye mhudumu, na mnao mzunguko wa dawa na wa vipimo ambao lazima ufanyike. Unganisheni. Mkifika kwenye kitanda cha mtu aliye kwenye ule ubao, dawa, kipimo cha joto na kugeuzwa viende pamoja, watu wawili kwa wakati mmoja.

Huenda utaambiwa kwamba saa 2 si lazima. Kweli, utafiti uliochapishwa mwaka 2013, uliofanyika kwenye nyumba za kutunzia wazee Marekani na Kanada, haukuona tofauti kati ya kugeuza kila baada ya saa 2, 3 au 4. Wazee hao, hata hivyo, walilala kwenye magodoro mazuri ya sponji nzito. Ya kwenu yamebonyea, kwa hiyo msiazime matokeo bila godoro.

Na magodoro yenyewe yakaguliwe. Mgonjwa akiwa amelala, ingiza mkono chini ya godoro, kiganja kikitazama juu, mkabala na makalio yake. Ukiuhisi mfupa, godoro hilo limekwisha, na ni kama analala juu ya chuma. Kisha fanyeni jambo ambalo nimeona wodi nyingi hazilifanyi: yale machache mazuri yatoeni chini ya wanaotembea kwa magongo muwape walio chini kwenye kipimo. Watanung'unika. Waache wanung'unike. Mpira wa kutandika, ambao kila wodi inaupenda kwa kuwa unaokoa godoro, unashika jasho na mkojo kwenye ngozi. Pasipo na haja, uondoeni, na penye haja, shuka iliyo juu yake ibadilishwe mara inapolowa.

Namna ya kumlaza ina uzito sawa na kumgeuza. Usimlaze ubavu kabisa juu ya mfupa wa nyonga. Mwinamishe kama nyuzi 30, mto ukiwa nyuma ya mgongo. Kichwa cha kitanda kisizidi nyuzi 30 isipokuwa anapokula au anaposhindwa kupumua, kwani akiinuliwa sana mwili unateleza kwenda chini huku ngozi imeshikwa na shuka, na mishipa midogo ya damu iliyo katikati inavutwa na kuziba. Mto uwekwe chini ya shavu la mguu ili kisigino kining'inie bila kugusa kitu. Glavu za maji ziondoke leo. Zinasukuma uzito wote kwenye eneo dogo zaidi.

Ndugu ni msaada mkubwa, na kuwafukuza wote ni hasara. Saa za kuona wagonjwa, asubuhi, mchana na jioni, ziwe pia saa za kugeuza, ndugu akishika upande mmoja nawe mwingine, huku ukimwonyesha pa kutazama. Kwa wale walio chini kabisa kwenye kipimo, omba kibali cha ndugu mmoja kulala wodini. Weka mpaka mmoja usiovukwa: aliyevunjika uti wa mgongo au shingo ambaye daktari hajathibitisha kuwa mfupa umetulia asiguswe na ndugu peke yake. Huyo anageuzwa kama gogo, watu watatu au wanne, kichwa na kiwiliwili vikienda pamoja, muuguzi akihesabu.

Waambie ndugu pia kuhusu chakula, badala ya kuwaachia walete uji mtupu. Mgonjwa mwenye kidonda anahitaji protini gramu 1.25 hadi 1.5 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, yaani gramu 75 hadi 90 kwa mtu wa kilo 60, na yai moja lina takriban gramu 6 tu. Kwenu Kanda ya Ziwa dagaa hawakosekani. Wasagwe wawekwe kwenye uji, pamoja na maziwa, maharage na samaki. Mwenye ugonjwa wa figo, daktari aulizwe kwanza.

Kuhusu vidonda vyenyewe nitakuwa mfupi. Safisheni kwa maji ya chumvi ya hospitali, na yakikosekana, maji safi yaliyochemshwa na kupozwa. Spiriti na haidrojeni peroksaidi zinaua nyama mpya inayoota. Asali ya tiba ipo, imetayarishwa bila vijidudu. Ile ya sokoni haijatayarishwa hivyo. Nyama iliyokufa iondolewe na mwenye ujuzi, isipokuwa gamba jeusi kavu la kisigino lisilo na usaha wala uvimbe, ambalo huachwa. Msikande kwa nguvu sehemu iliyobadilika rangi. Antibayotiki si za kila kidonda, ila homa, harufu inayozidi, uvimbe unaosambaa au mfupa kuonekana ni sababu ya kumwita daktari siku hiyo hiyo. Utaratibu mmoja uandikwe ubandikwe ukutani ili kila zamu isije na dawa yake.

Yule baba mwambie ukweli, na umwambie ukiwa umeketi naye, muuguzi mfawidhi akiwapo. Mwambie kwamba kijana amepata kidonda akiwa mikononi mwenu, na kwamba mnasikitika. Mweleze kwamba madhara ya aina hii huanza ndani kabla hayajaonekana, kwa hiyo hamwezi kumwambia kwa hakika ni saa ngapi yalianza. Usimtupie lawama dereva wa pikapu wala watu wa upasuaji. Kisha mwonyeshe kidonda kinavyosafishwa na mwanawe anavyopaswa kulazwa, kwa sababu kijana huyo, akiwa hana hisia, atakuwa na hatari hii hata atakaporudi nyumbani, na atakayemtazama mgongo kila jioni ni huyo baba.

Uhamisho ni haki yako kuuomba, wala sitakuita mkimbizi. Ningependa kwanza upeleke ile hesabu ya dakika 360 kwa Muuguzi Mkuu ukiambatanisha karatasi za mwezi mmoja zilizoandikwa kwa ukweli, ungoje majibu. Yasipokuja, andika barua yako ya uhamisho, lakini usiweke "sababu za kifamilia" kama tunavyozoea kuandika sote. Andika idadi ya wagonjwa, idadi ya wauguzi wa usiku na hali ya magodoro, na nakala ibaki kwenye jalada la wodi kwa ajili ya atakayeletwa baada yako.